HESABU NCHA KWANZA, RISASI BAADAYE!

Na Mwandishi Wetu

HEBU jifanye uko Pennsylvania, Marekani. Ni Jumamosi ya mwisho ya Novemba, siku ambayo msimu mkuu wa kuwinda kwa bunduki unafunguliwa katika jimbo hilo. Saa inakaribia moja asubuhi. Baridi ni ile ambayo ukiikumbuka ya Lushoto utadhani ulikuwa Tanga mjini. Binamu yako aliyehamia huko siku nyingi amekuamsha saa tisa usiku, mkaendesha gari hadi msituni, na sasa umekaa kwenye kichanja juu ya mti. Umevaa koti la rangi ya chungwa linalowaka, ili wawindaji wenzako wasije wakakufanya kitoweo.

Kozi ya usalama wa bunduki umefaulu. Leseni iko mfukoni, umeilipia kwa jasho lako mwenyewe. Kila kitu kihalali.

Mara kichaka kinatikisika. Anatokea mnyama wa rangi ya kijivu na kahawia, shingo nene, anatembea kwa maringo kama pedeshee anayeingia ukumbini. Kichwani ana pembe! Moyo unadunda kama ngoma ya mchiriku. Yuko mita 60 tu. Bunduki begani, kidole kwenye triga.

Unafyatua, au hufyatui?

Kama umejibu "nafyatua, si dume huyo?", pole sana mshikaji, pengine umeshaingia kwenye noma. Katika misitu ile kuwa dume mwenye pembe peke yake hakutoshi. Sheria inakutaka uhesabu. Dume asiyefikia hesabu anaachwa aende zake akakue, na ukimwangusha, ile leseni uliyoilipia haikuokoi. Kinachotenganisha mwindaji halali na mvunja sheria kinaweza kuwa kipande cha mfupa kisichozidi urefu wa pingili ya kidole chako.

Utauliza, "Sasa mimi wa Mwananyamala yananihusu nini hayo?" Vuta subira. Tutaanzia Marekani lakini tutamalizia hapahapa nyumbani.

PEMBE SI PEMBE TU

Kwanza tumjue mnyama mwenyewe, maana huku kwetu hayupo. Kamusi nyingi humwita kulungu, lakini kulungu tunayemjua sisi, yule wa vichakani, ni wa ukoo mwingine kabisa. Waliozoea Zaburi ya 42 wanamfahamu kwa jina la ayala, na sisi leo tutamwita hivyo hivyo. Tunayemzungumzia ni ayala mkia-mweupe wa Amerika. Akishtuka huinua mkia juu na kukuonyesha weupe wa chini yake, kama mtu anayekupungia kitambaa cha kwaheri.

Tofauti kubwa iko kichwani. Pembe za swala, nyati au mbuzi ni mfupa uliovikwa gamba gumu la aina moja na kucha zako. Hazidondoki. Mnyama anakua nazo na anakufa nazo.

Za ayala ni mfupa mtupu, tena zinadondoka kila mwaka! Dume huzipoteza wakati wa majira ya baridi, anabaki kichwa wazi kama jike. Baridi ikipungua zinaanza kuota upya, zikiwa zimefunikwa na ngozi laini kama mahameli inayopitisha damu ya kuzilisha. Ikifika Septemba hivi mfupa umekomaa. Dume anaisugua ile ngozi kwenye miti mpaka inachanika na kutoka, anabaki na silaha tupu, tayari kwa ugomvi wa kugombea majike. Msimu wa mapenzi ukiisha, pembe hizo chini! Mwakani anaanza upya.

Ukubwa wa pembe na idadi ya matawi yake hutegemea mambo matatu: umri, chakula, na damu aliyorithi kwa wazazi. Hapo ndipo utata unapoanza, kwa sababu pembe si cheti cha kuzaliwa. Dume wa mwaka mmoja na nusu, anayebeba pembe zake za kwanza maishani, anaweza kuwa na vijiti viwili tu vilivyosimama kama misumari. Mwenzake wa rika hilohilo, aliyeshiba mahindi ya wakulima, anaweza kuwa na ncha sita au hata nane. Umri mmoja, vichwa tofauti.

TATU, UPANDE MMOJA

Turudi juu ya mti wetu Pennsylvania. Hadi mwaka 2001 sheria ya pale ilikuwa laini: ncha mbili upande mmoja, au msumari wa inchi 3, yaani kama sentimita 7.6. Hapo karibu kila dume lilipita.

Mwaka 2002 mambo yakabadilika. Katika sehemu kubwa ya jimbo dume halali lazima awe na ncha zisizopungua 3 kwenye pembe moja. Upande wa magharibi walianza na ncha 4. Baadaye baadhi ya maeneo hayo ya magharibi yakapewa hesabu nyingine: ncha 3 bila kuihesabu ile ya kwanza inayoota karibu na paji la uso. Sababu yake ni ya kibinadamu kabisa. Ile ncha ya chini inajificha nyuma ya masikio na manyoya, kwa hiyo watu walikuwa wanakodoa macho hadi mnyama anaondoka zake.

Sasa ncha yenyewe ni nini? Hapa ndipo kasheshe. Tawi linahesabiwa kuwa ncha likiwa na urefu wa inchi 1 au zaidi, yaani sentimita 2.54, kuanzia linapoota hadi mwisho wake. Chini ya hapo ni chunusi tu, halihesabiki. Lakini mwisho wa shina lenyewe la pembe unahesabiwa kuwa ncha moja hata ukiwa mfupi.

Halafu kumbuka, hesabu ni ya upande mmoja. Dume mwenye ncha mbili kulia na mbili kushoto, jumla nne, ni marufuku katika eneo la ncha 3. Lakini mwenye tatu kushoto, na ya kulia imevunjikia vitani hadi kwenye shina, huyo ni halali. Ukijumlisha kama mwenye duka umeumia!

Kuna waliopewa nafuu. Vijana wadogo wenye leseni ya watoto, watu wenye ulemavu waliopewa kibali maalumu, na wanajeshi wakazi wa jimbo walio kazini, wao wanaendelea kutumia kipimo kile cha zamani cha ncha mbili au msumari wa inchi 3. Kwa mtoto anayeshika bunduki kwa mara ya kwanza, kuona mnyama akipita na kuambiwa "mwache" kila siku kungemkatisha tamaa.

Na aliyekosea kwa bahati mbaya? Sheria ya Pennsylvania imemwekea mlango. Anatakiwa ajisalimishe mwenyewe haraka kwa bwana nyama, pamoja na mnyama wake, aeleze ilivyokuwa. Anayefanya hivyo adhabu yake ni nyepesi mno ukilinganisha na yule anayemfukia mnyama chini ya majani na kuondoka anapiga mluzi.

KILA JIMBO NA NGOMA YAKE

Usidhani ukijua ya Pennsylvania umemaliza. Marekani haina sheria moja ya ayala. Kila jimbo linapiga ngoma yake, na hata ndani ya jimbo moja unaweza kuvuka barabara ukakuta mdundo mwingine.

Chukua Texas. Mwaka huohuo wa 2002 walianza majaribio katika kaunti 6, na baadaye wakaeneza utaratibu wao katika kaunti nyingine nyingi. Wao hawakutaka kuhesabu ncha, walitaka upana. Katika kaunti hizo dume halali ni mwenye angalau pembe moja isiyo na tawi, au mwenye nafasi ya inchi 13, kama sentimita 33, kati ya pembe moja na nyingine kwa ndani.

Sasa nani atamfuata ayala porini na futi kamba? Wataalamu wakatumia masikio. Ayala wa huko akisimamisha masikio yake kusikiliza, kutoka ncha ya sikio moja hadi ya jingine ni kama inchi 13. Basi ukimwona uso kwa uso, pembe zimetoka nje ya masikio, mambo poa. Ziko ndani ya masikio na zote zina matawi? Shusha bunduki.

Umeona maajabu lakini? Yule kijana wa misumari ambaye Pennsylvania haguswi, katika kaunti hizi za Texas anaruhusiwa. Mnyama ni yuleyule, pembe ni zilezile, halali na haramu zimebadilishana viti. Ndiyo maana mwindaji mwenye akili husoma kijitabu cha sheria cha mwaka huo na cha eneo hilo kabla hata hajasafisha bunduki. Stori za baa hazikubaliki mahakamani.

KWA NINI WANAJISUMBUA HIVI?

Mwishoni mwa karne ya 19 ayala walikuwa karibu kuisha Pennsylvania. Waliwindwa bila mpangilio, na misitu ilikatwa ovyo. Mwaka 1895 jimbo likaunda mamlaka yake ya wanyamapori, Pennsylvania Game Commission. Mwaka 1906 wakaanza kuleta ayala kutoka majimbo mengine. Mwaka 1907 ikapita sheria ya kukataza kuua majike: dume mwenye pembe tu ndiye aliyeruhusiwa.

Dawa ilifanya kazi, tena ilizidi. Majike yaliyolindwa yakazaa, wanyama wakajaa, wakaanza kutafuna kila mche wa mti uliochomoza. Sehemu nyingine za msitu zikabaki na miti mizee isiyo na wajukuu. Wakati huohuo, kila msimu ukifunguliwa, madume yalifagiliwa. Wengi wa waliopigwa walikuwa wale wa mwaka mmoja na nusu, na wachache sana walifikia utu uzima.

Mwaka 1999 kazi ya kusimamia ayala akapewa mtaalamu aliyejulikana sana kwa utafiti wa dubu, Gary Alt. Huyu bwana alizunguka jimbo zima akiwaeleza wawindaji mambo mawili kwa pamoja: punguzeni majike ili msitu upumue, na waacheni madume wadogo wakue. Kwa watu waliofundishwa na babu zao kwamba kuua jike ni dhambi, na dume lolote ni bahati, ilikuwa kama kuwatukania ukoo. Mikutano ilichafuka. Alitishiwa maisha, na katika baadhi ya mikutano alilazimika kuvaa fulana ya kuzuia risasi. Fikiria, mtu anavaa fulana ya vita kwa sababu ya kuzungumzia pembe! Mwishoni mwa 2004 aliondoka kwenye mamlaka hiyo.

Lakini sheria ilibaki. Leo katika jimbo hilo zaidi ya nusu ya madume wenye pembe wanaowindwa ni wa miaka miwili na nusu kwenda juu, jambo ambalo kabla ya 2002 lilikuwa ndoto. Wengi wa waliopiga kelele zamani sasa ndio wanaowafundisha wajukuu zao kuhesabu.

Mvuvi wa Mwanza hahitaji kuelezwa mara mbili. Ni akili ileile ya wavu. Macho ya wavu yakiwa makubwa, samaki mdogo anapita, mwakani utamkuta mkubwa. Ukitumia kokoro la macho madogo, leo utakula, kesho utalialia.

DAWA INAWEZA KUGEUKA SUMU

Hata hivyo tusidanganyane, sheria ya pembe si muujiza. Jimbo la Mississippi lilitangulia, likaweka mwaka 1995 sheria kwamba dume halali awe na jumla ya ncha 4. Nia ilikuwa nzuri. Lakini watafiti walipofuatilia waligundua kituko: katika baadhi ya maeneo pembe za madume wakubwa zilianza kuwa ndogo kuliko zamani.

Ilikuwaje? Rudi kwa wale vijana wawili wa rika moja, mmoja wa misumari na mwingine wa ncha sita. Sheria ya kuhesabu ilimlinda wa misumari na kumtoa mhanga yule aliyekua vizuri mapema. Ni kama darasa ambalo kila anayefaulu vizuri darasa la kwanza anafukuzwa shule, halafu mwalimu anashangaa mbona matokeo ya la saba ni mabaya! Mwaka 2009 Mississippi wakaachana na hesabu ya ncha, wakahamia kupima upana wa ndani na urefu wa shina la pembe, vipimo vinavyokaribia zaidi umri wa mnyama.

Tatizo la pili ni maradhi. Kuna ugonjwa wa kudhoofika unaoshambulia ubongo wa ayala na jamaa zake. Ulionekana kwa mara ya kwanza huko Colorado mwaka 1967 na hauna tiba wala chanjo. Madume wakubwa ndio wanaopatikana nao zaidi, na madume vijana wanapohama kutafuta makazi mapya wanaweza kuusafirisha. Jimbo la Missouri, lililoanza sheria ya ncha 4 upande mmoja katika kaunti 29 mwaka 2004, lililazimika kuiondoa katika maeneo yenye ugonjwa huo. Yaani palepale walipokuwa wanasema "mwache akue", sasa wakasema "msimwache".

SIMBA NA PUA YAKE

Sasa tuje nyumbani kama nilivyoahidi. Kenya walipiga marufuku uwindaji wa aina hii tangu 1977. Tanzania uwindaji wa kitalii upo, na tuna kipimo chetu ambacho hakihusiani na pembe kabisa. Kinahusu umri wa simba.

Simba dume akiuawa mapema hafi peke yake. Madume wageni wakiliteka kundi lake, kawaida huwaua watoto aliowaacha, ili majike wapate joto tena haraka. Risasi moja, misiba mingi. Mwaka 2004 watafiti waliotumia kumbukumbu za miaka mingi za simba wa Serengeti, akiwemo Craig Packer, walionyesha katika jarida la sayansi la Nature kwamba wakiachwa madume vijana na kuwindwa waliokwisha kulea, kundi linaweza kuendelea kuishi. Kanuni za Tanzania zikaja kudai simba dume anayewindwa awe ametimiza miaka 6.

Utajuaje umri wa simba bila kumwomba cheti? Mtazame pua! Simba mdogo ana pua ya waridi. Kadiri anavyozeeka inaota madoa meusi, na akifikia miaka mitano au sita hivi karibu nusu yake au zaidi imeshakuwa nyeusi. Lakini pua nayo haina uhakika wa asilimia mia, inatofautiana kati ya simba na simba na kati ya eneo na eneo. Ndiyo maana mwindaji anatakiwa aangalie pia manyoya ya shingo, makovu na umbo la mwili.

Kwa hiyo yule wa Pennsylvania anayehesabu ncha, yule wa Texas anayepima kwa masikio, na yule wa porini kwetu anayekodolea pua kwa darubini, wote wanajibu swali moja: huyu amepata nafasi ya kuishi kiasi cha kutosha? Na wote wana sekunde chache za kujibu. Mnyama akishaanguka, jibu sahihi halimwinui.

Na usichukue makala hii kama ruhusa ya kwenda kujaribu bahati Kisarawe, tafadhali. Bila leseni hata digidigi mmoja ni kesi.

SASA FYATUA... AU ACHA

Haya, binamu yako yuko mti wa pili, amenyamaza kama jiwe. Dume wako bado amesimama. Unainua darubini badala ya bunduki. Kushoto: shina lenyewe, moja. Tawi moja juu yake, mbili. Halafu kuna kitu kidogo pale chini, karibu na paji la uso. Ni ncha au ni chunusi? Kimefika inchi? Ukungu, manyoya, mkono unatetemeka. Anageuka. Kulia: moja, mbili, basi.

Wazee wa misitu ile wana jibu rahisi kwa hali kama hiyo: kama unajiuliza, basi jibu ni hapana.

Unateremsha darubini. Ayala ananusa upepo, anainua ule mkia mweupe, anakupungia kwaheri, anapotea. Jioni wenzako watakucheka mezani wakila nyama ya jike aliyepigwa na mwingine kwa leseni yake halali. Waache wacheke. Mwakani wakati kama huu atakuwa na miaka miwili na nusu, pembe mpya, shingo nene zaidi, na hutahitaji kukodoa macho.

Ila naye atakuwa amejanjaruka, mshikaji. Usidhani atapita tena chini ya mti uleule!